Upande wa Wageni

Jumatatu, 6 Mei

Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Kila ukirudi nawasha upya: kwanza kisanduku cha dishi la intaneti, nasubiri taa ya kijani, kisha ruta inayoisambaza nyumbani, kisha kompyuta ya ofisi. Wageni wanagonga mlango kabla taa haijawaka. Watano leo, wote watu wa gesi. Wanalipia kitanda lakini wanachotaka ni intaneti. Kitanda kibovu watavumilia. Intaneti ikifa dakika kumi wanamtafuta mwenye pensão, hii nyumba yetu ya wageni.

Mwenye pensão ni Amade, mume wangu. Anayehangaika ni mimi.

Leo zamu ya Zaina, mke mwenzangu, inaanza, siku mbili. Amade ameondoka na kanzu ya kijivu, ile niliyoipiga pasi jana. Nimempigia mume wangu pasi aende kwa mwanamke mwingine, tena na kola nikaikunja vizuri. Mjinga mimi.

Jumanne, 7 Mei

Habari kubwa. Kampuni moja kati ya hizi zinazochimba huko baharini inataka kukodi vyumba vyetu vyote vinane mpaka mwisho wa mwaka. Sharti moja. Hawataki watu wao wawe kwenye mtandao mmoja na wa nyumba. Wao wasituone, sisi tusiwaone. Injinia wao, Senhor Tomás, atakuja tarehe 20 kukagua.

Amade alinieleza huku anacheka. Kisha akaongeza, bila hata kunitazama: "Pronto, haya, mama Mariamo, jaribu. Ukishindwa, ufunguo wa ofisi tutampa Zaina. Yeye ana Kiingereza chake, na mambo haya ameyaona Mtwara."

Ofisi ile nimeishika miaka kumi na mmoja. Niliishika wakati hapa Mocímboa hakuna gesi, wageni wetu walimu na wanunuzi wa samaki, na kompyuta yenyewe ina kichwa kikubwa kama pipa. Kozi ya kompyuta nilisoma Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, na mimba ya binti yangu Mariamo tumboni. Zaina ana miezi saba hapa. Miezi saba.

Naandika kwenye kompyuta hiyohiyo. Folda nimeiita Risiti za Umeme. Hakuna binadamu atakayetamani kufungua kitu cha jina hilo. Daftari Amade angelikuta, maana kutwa anapekua akitafuta kalamu.

Jumatano, 8 Mei

Nimenunua ruta ya pili kwa Mnigeria wa sokoni. Mpya, ina antena tatu. Amade hakuuliza bei, jambo la ajabu.

Zamu yangu leo. Amekula, amelala usingizi wa mchana mdomo wazi. Nilimnusa shati. Udi wa Zaina. Mzito, wa harusini. Nani anafukiza udi wa harusini siku ya Jumanne?

Nimemtazama Zaina uani akianika nguo. Mzaliwa wa Namoto, akalelewa na shangazi yake ng'ambo ya mto, upande wa Mtwara, huko ndiko alikosomea. Shingo ndefu. Hatembei kwa haraka hata akiitwa. Wageni wakimsalimia anawajibu kwa Kiingereza, wanacheka, na mimi sijui wamecheka nini. Sina la kumlaumu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefaulu. Naona niandike vizuri, maana hakuna atakayenisifu.

Ruta ya zamani imebaki palepale, waya wake unatoka kwenye kisanduku cha dishi. Hiyo ndiyo ya nyumbani: kompyuta ya ofisi, printa, simu yangu na ya Amade. Ruta mpya ni ya wageni. Nilifikiri sana niiweke wapi. Kwetu mgeni wa heshima hakai ukumbini watu wakipita. Anapewa chumba cha ndani, anashushiwa pazia. Basi nikafanya hivyo. Nikachomeka ruta ya wageni nyuma ya ile ya nyumbani, ndani kabisa. Ina jina lake na senha yake, neno la siri tofauti kabisa na letu, ambalo nalo nimelibadilisha.

Kisha nikapima. Nikakaa kwenye kompyuta ya ofisi nikawatafuta wageni. Simu zao, kompyuta zao. Sikuona hata moja. Kimya. Pazia limeshuka. Kama mimi siwaoni, basi na wao hawanioni.

Kwenye kompyuta sikugusa kitu. Folda ziko wazi kwa mtandao wa nyumbani tangu likizo, ili Mariamo akija kutoka shuleni Pemba asome na kuchapa akiwa chumbani kwake. Zikae hivyo. Nyumbani ni nyumbani.

Ijumaa, 10 Mei

Zaina amekuja mlangoni mwa ofisi. Hakuingia. Akaomba senha ya intaneti, ile ya zamani imekataa.

Nilikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ya nyumbani, moja ya wageni. Nikampa ya wageni.

Akaisoma. Juu imeandikwa Hóspedes, wageni, kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu. Akasema, "Ahsante, dada," akaenda zake.

Nimefurahi mchana kutwa. Nimepika hata mkate wa sinia. Amade anaweza kumjengea nyumba, anaweza kumnunulia kitanda cha mninga. Lakini kwenye mtandao wangu huyo ni mgeni, analala na wapita njia.

Jumamosi, 11 Mei

Furaha imekwisha. Nimewasikia wakicheka kupitia ukuta wa bafu. Si kucheka kwa kelele. Kule kwa chini, kwa watu wawili. Amade hajacheka nami hivyo tangu ilipotoka mimba yangu ya tatu. Baada ya Mariamo hakuna iliyokaa, na wote wawili tuliacha kulizungumza.

Akizaa mtoto wa kiume nimekwisha. Nitakuwa mama mzee wa ofisini. Nyumba itahamia ng'ambo ya ua, jungu litahamia, watu wakija kusalimia watapita mlangoni kwangu waende kwake.

Nimeswali adhuhuri, na baada ya swala nikainua mikono nikaomba. Naandika nilivyoomba, sijifichi hapa: Mola, usimpe mtoto. Lifunge tumbo lake kama ulivyolifunga langu.

Sikuona haya. Nimeosha vyombo baadaye.

Jumatatu, 13 Mei

Hakuna kitu. Vyumba vyote vimejaa. Mgeni wa namba sita anasema intaneti ya sasa ni ya kasi kuliko ya Pemba. Nikamwambia Amade mara mbili, ili asikie.

Jumanne, 14 Mei

Limetokea jambo.

Nilikuwa naandika majina ya wageni kitabuni, printa ikaamka yenyewe. Ikavuta karatasi, ikachapa, ikanyamaza. Ofisini niko peke yangu.

Karatasi ya chakula cha wiki. Kwa Kiingereza, imepangwa vizuri, samaki wa nazi Jumatano, kuku wa kuchoma Ijumaa. Kazi ya Zaina. Hakuna mwingine wa nyumbani anayeandika Kiingereza.

Kwa hiyo amekaa kwenye kompyuta yangu. Ameandika humu, akaiacha ije ichapwe baadaye. Ufunguo tunao wawili tu, mimi na Amade. Kwa hiyo Amade amempa. Tarehe 20 haijafika, tayari amempa.

Niliikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa kama gamba.

Jumatano, 15 Mei

Nimemkabili Amade mchana, kwenye ngazi za pensão. Nikamwambia: umempa ufunguo. Akasema hakumpa. Nikasema tena. Akaapa. Nikamwambia asiape kwa Mungu kwa ajili ya ufunguo. Akasema, "Wivu utakutoa akili, mama Mariamo," akaondoka.

Nina wivu. Kwani nani alimwambia sina? Lakini karatasi ninayo, nimeikunjua na kuiweka chini ya godoro. Wivu hauchapi karatasi.

Sijala.

Alhamisi, 16 Mei

Sijui nianzie wapi.

Baada ya alasiri nilikuwa jikoni nakuna nazi. Zaina akaja, akabisha hodi kama mtu wa mtaa wa pili. Kompyuta yake ndogo kwapani. Nikamkaribisha kwa mdomo, kwa macho sikumkaribisha. Akaketi kwenye kibao. Akasema, "Dada, sikuja kwa ugomvi. Mlango wako uko wazi."

Nikadhani mlango wa ofisi. Akafungua kompyuta yake akanionyesha. Ameingia kwa senha ya wageni, ile ile niliyompa. Na pale kwenye kioo chake palikuwa na printa yangu. Palikuwa na kompyuta ya ofisi, kwa jina lake. Folda zote, moja baada ya nyingine. Majina ya wageni, nakala za pasipoti zao, picha za Mariamo.

Karatasi ya chakula aliituma akiwa kitandani kwake. Alitaka nione mwenyewe kuwa mlango uko wazi, asilazimike kuniambia. Hajawahi kushika ufunguo.

Akasema na lingine. Jumapili Amade alimwomba amtafutie risiti za umeme, injinia ataziulizia. Akaona folda ya jina hilo. Akaifungua.

Nazi ilikuwa bado mkononi.

Amesoma yote. Kanzu, udi, shingo yake, karatasi ya Hóspedes. Amesoma ya tarehe 11.

Hakulia. Alisema polepole, macho chini: "Nina miezi mitatu. Amade hajui bado, niliogopa kusema mapema. Nimesoma maneno yako, na tangu siku ile nikisimama nasikia tumbo linavuta. Sikuombi ufute kwenye kompyuta, dada. Uliyasema kwa mdomo. Niondolee kwa mdomo."

Nilipaswa kusema kitu. Nilichosema ni: toka jikoni kwangu.

Akatoka. Hakufunga mlango kwa nguvu hata kidogo.

Nikakimbilia ofisini, nikachomoa waya wa ruta ya wageni. Wanane wakaja kugombana. Nikawaambia dishi limeharibika.

Ijumaa, 17 Mei

Sikutoka nje mpaka swala. Aibu ina joto, inakaa masikioni. Halafu hasira: kwa nini alisoma mpaka mwisho? Mtu akiona si risiti, si afunge? Halafu aibu tena.

Jambo jingine limenijia nikiwa napepeta mchele. Angeweza kwenda kwa Amade siku ileile ya Jumapili. Angemwonyesha tarehe 11, tukamalizana. Au angesubiri tu. Tarehe 20 Senhor Tomás angefungua kompyuta yake chumbani, angeiona ofisi nzima, ningeanguka mbele ya watu, na ufunguo ungekwenda kwake bila yeye kunyanyua kidole. Ana siku tano nzima anajua. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuja jikoni.

Nimemchukia zaidi kwa hilo. Nimeandika ukweli.

Wageni bado hawana intaneti. Wa namba sita anasema atahama.

Jumamosi, 18 Mei

Kosa nimelielewa. Nililiona uani, si kwenye kitabu.

Aliye ndani akitaka kutoka kwenda barabarani lazima apite ukumbini. Akipita anaona kila kitu: mkeka, kabati, nani kalala. Wa ukumbini hamwoni aliye nyuma ya pazia, lakini wa nyuma ya pazia anamwona wa ukumbini kila akitoka. Niliwaweka wageni chumba cha ndani kwa heshima, nikawapitisha katikati ya nyumba yangu. Na nilipima upande mmoja tu, upande wangu.

Sisi wake wenza hatukujengewa hivyo. Amade alipooa, wazee walimwambia kila mke awe na mlango wake, na mlango ufunguke uani. Nisipite kwake nikienda kisimani, asipite kwangu. Ua ni wa wote na hakuna anayelala humo.

Basi ruta ziwe tatu. Ya kwanza iwe ua: inashika waya wa dishi, haina mtu. Ya nyumbani mlango wake, ya wageni mlango wake, zote mbili zinachomekwa kwenye ile ya kwanza. Stoo kulikuwa na ruta iliyokuja na dishi, tuliiacha kwa sababu haifiki hata chumba cha pili. Hapa haitakiwi kufika popote. Nikaipangusa vumbi.

Kufunga nilifunga peke yangu. Kupima nisingeweza. Kunahitaji mtu kila upande.

Nilivuka ua. Zaina alikuwa amelala ubavu, kitambaa kichwani. Nikasimama mlangoni, nikasikia sauti yangu ikisema kwanza habari ya ruta. Woga. Akainuka hata hivyo akafuata kompyuta yake. Nikamwambia kaa. Nikakaa na mimi, sakafuni, mbele yake. Nikainua mikono.

Nilisema: Mola, nililoomba siku ile nalirudisha. Lilikuwa langu, si lake. Mpe mtoto wake, mzima, na umlinde mama yake.

Mara ya kwanza nusu ya moyo haikuwamo. Naye alijua, maana hakusema amin. Nikarudia. Mara ya pili nilimkumbuka yule wangu wa tatu, jinsi nilivyokaa na tumbo tupu na hakuna aliyebisha hodi. Zaina akasema amin.

Kisha tukapima. Yeye chumba namba nne, mimi ofisini, tunasemezana kwa simu. "Unaona printa?" Sioni. "Unaona ofisi?" Sioni kitu, dada. Nikamtafuta na mimi, sikumwona. Tukabadilishana, nikaenda namba nne, yeye akaketi kwenye kiti changu. Kwa mara ya kwanza. Niliporudi alikuwa ameshasimama pembeni ya kiti.

Jumatatu, 20 Mei

Senhor Tomás amekuja na mkoba, hataki chai. Alikaa chumba namba mbili saa nzima akitafuta tundu. Akaja ofisini akatafuta kutoka huku. Akaniuliza nani ameniwekea. Nikasema mimi mwenyewe. Akauliza kwa nini ruta ya kwanza haina mtu. Nikamweleza habari ya ua na milango miwili. Akacheka, akaandika kitu.

"Está bem, dona Fatima," akasema: ni sawa. Mkataba umesainiwa kabla ya adhuhuri.

Amade amenisifu mbele ya wapishi. Akasema mke wake ni injinia. Ufunguo umebaki kwangu. Nilingoja furaha ije kwa nguvu, ikaja kidogo. Nilimtazama Zaina. Alikuwa akiwapangia wageni vikombe, mkono mmoja kiunoni.

Amade hakuambiwa chochote. Si na yeye, si na mimi.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua ndogo asubuhi. Nimenunua daftari la shule na ninanakili humu kwa mkono yote niliyoandika kwenye kompyuta, kisha nafuta. Nimenakili na ya tarehe 11. Niliiandika mimi, ikae.

Zaina amemwambia Amade leo. Amade amevuka ua mbio, viatu mkononi, kunipa habari. Nikajifanya nashtuka. Alifurahi hadi akanishika mikono yote miwili, jambo alilokuwa ameacha. Roho iliniuma palepale. Nikasema alhamdulillah, na nilimaanisha, na bado iliniuma. Yote mawili. Akarudi kwa Zaina, ni zamu yake.

Mchana nilimpelekea Zaina uji wa mchele na karatasi mpya. Senha ya nyumbani. Nilimwambia ahamie huku kwetu, yeye ni mwenye nyumba, si mgeni.

Aliipokea karatasi. Akaunywa uji kwanza. Kisha akanirudishia, kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Niache hukuhuku, dada," akasema. "Huku sioni kitu."

Nimerudi ofisini. Kwenye ruta ya nyumbani kuna orodha ya waliounganishwa. Kompyuta ya ofisi. Printa. Simu ya Amade. Simu yangu. Nimeitazama tena saa kumi, na tena kabla ya kufunga. Ni hao hao wanne.